Lincoln hakukataliwa na wapiga kura mwaka 1848

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni wakili kijana. Juzi kwenye semina mtoa mada alitusomea ile orodha ya mambo aliyoshindwa Abraham Lincoln kabla ya kuwa rais. Alipofika mwaka 1848 akasema wapiga kura walimpa muhula mmoja tu wa ubunge, kisha wakamtosa, akarudi kwao kuwa wakili wa kesi ndogondogo. Je, ni kweli? Na uwakili wake ulimsaidia nini bungeni?"

Jibu:

Marahaba, ndugu wakili. Orodha hiyo naifahamu. Imekuwa ikizunguka kwenye semina na vitabu vya kujihamasisha kwa miaka mingi, kila mmoja akiipokea kwa mwenzake bila kuikagua. Imechanganya kweli na uongo, na huo mstari wa 1848 ndio uliopinda kuliko yote. Lincoln hakushindwa uchaguzi mwaka huo kwa sababu hakugombea. Aliyesimama kwa tiketi ya chama chake cha Whig ni Stephen T. Logan, mtu aliyewahi kuwa mshirika wake katika ofisi ya uwakili, na ndiye aliyebwagwa, tena kwa kura 106 tu.

Sasa kwa nini mbunge aliyeko madarakani asigombee? Hapo ndipo penye utamu.

Eneo la saba la uchaguzi la Illinois lilikuwa kisiwa cha Whig katika jimbo lililoshikwa na Wademokrati. Kiti hicho kilikuwa kimoja na waliokitamani walikuwa watatu, wote mawakili, wote marafiki: John J. Hardin, Edward D. Baker na Lincoln. Mwaka 1843 Lincoln alikosa uteuzi hata nyumbani kwake kaunti ya Sangamon. Wajumbe walimchagua Baker, kisha wakamtuma Lincoln huyo huyo kwenye mkutano wa uteuzi akamnadi Baker. Akamwandikia rafiki yake Joshua Speed kwamba anajiona kama mtu aliyefanywa mpambe wa bwana harusi aliyemnyang'anya mchumba. Kwenye mkutano wenyewe, mjini Pekin, Hardin ndiye aliyepita, lakini Lincoln akapitisha azimio la kumpendekeza Baker kwa safari itakayofuata. Tangu hapo ikajengeka desturi: kila mmoja muhula mmoja, kisha ampishe mwenzake. Hardin akaingia 1843, Baker akachaguliwa 1844, na 1846 zamu ikawa ya Lincoln.

Hardin alijaribu kurudi. Majira ya baridi ya 1845 kuingia 1846 Lincoln aliandika barua baada ya barua kwa wahariri na viongozi wa chama kaunti kwa kaunti. Hoja yake haikuwa kwamba Hardin hafai. Hoja ilikuwa moja tu: zamu ni zamu. Februari 1846 Hardin akajitoa. Mtu aliyepata kiti kwa hoja hiyo angewezaje kuigeuka miaka miwili baadaye? Januari 1848, akiwa Washington, alimwandikia mshirika wake William Herndon kwamba alishatamka hatagombea tena, ili kulinda haki kwa wengine na amani miongoni mwa marafiki. Ila kama ingetokea hakuna mwingine anayetaka, asingekataa. Ukisoma barua hiyo unaona wazi kwamba moyo ulikuwa bado unakitaka kiti. Lakini Logan alikitaka pia, na zamu ikamfunga Lincoln kama ilivyomfunga Hardin.

Kumwita mbunge wa muhula mmoja ni sahihi kwa Bunge la Taifa peke yake. Kwenye bunge la jimbo la Illinois alikaa mihula minne, akichaguliwa 1834, 1836, 1838 na 1840. Kushindwa kwake pekee mbele ya wapiga kura wa kawaida ni ile ya 1832, akiwa na miaka 23, na hata hapo kituo cha New Salem alikokuwa anaishi kilimpa kura 277 kati ya 300. Walioko mbali walikuwa hawamjui.

Kwenye uwakili mtoa mada wako amemdhulumu zaidi. Lincoln mwenyewe alisema muda wote aliokaa darasani ukijumlishwa haufiki mwaka mmoja. Sheria alijifunza akiwa New Salem, kwa vitabu alivyoazima kwa wakili John Todd Stuart wa Springfield, mwendo wa kilomita 30 hivi. Wakati huo huo alikuwa msimamizi wa posta ya kijiji na mpima ardhi, huku akilipa madeni ya duka lililomfia mikononi. Leseni alipata Septemba 1836, Aprili 1837 akahamia Springfield, akaanza kazi chini ya Stuart. Kisha akaungana na Logan, na Logan ndiye aliyemnyoosha: alimfundisha kuandaa kesi kabla ya kuingia mahakamani badala ya kutegemea ulimi. Mwaka 1844 akafungua ofisi na Herndon, na jina la ofisi hiyo halikubadilishwa hadi Lincoln alipofariki.

Kesi ndogondogo zilikuwepo, tena nyingi mno. Mara mbili kwa mwaka mahakama ya mzunguko ya eneo la nane iliondoka na kuzunguka makao ya kaunti, jaji na mawakili wakisafiri pamoja kwa farasi na vigari kwa wiki kadhaa, wakilala wawili wawili kitanda kimoja kwenye hoteli mbovu. Kesi zenyewe zilikuwa za madeni, mipaka ya mashamba, mifugo iliyoharibu mazao, kashfa za majirani, talaka. Ada ilikuwa dola 5, 10, ukibahatika 20. Barua na hati alizitia ndani ya kofia yake ndefu. Lakini huyu huyu, pamoja na washirika wake, alishughulikia zaidi ya kesi 5,000 katika miaka kama 25, na zilizofika Mahakama Kuu ya Illinois zilikuwa mamia. Kampuni ya reli ya Illinois Central ilipogoma kumlipa ada ya dola 5,000 kwa kesi ya kodi aliyowashindia, aliishtaki na akalipwa. Wakili wa kijijini asiyejulikana hafanyi hivyo.

Usije ukamgeuza malaika, lakini. Mwaka 1841 alisimama mbele ya Mahakama Kuu ya jimbo kwenye kesi iliyomhusu mwanamke mweusi aliyeitwa Nance, akashinda kwa hoja kwamba Illinois mtu huhesabiwa kuwa huru mpaka ithibitishwe vinginevyo. Oktoba 1847, siku chache kabla ya kupanda gari kwenda kuapa Washington, alikuwa upande wa pili kabisa. Robert Matson wa Kentucky alikuwa akileta watumwa kulima shamba lake kaunti ya Coles, ndani ya Illinois, na mmoja wao, Jane Bryant, akakimbia na watoto wake. Lincoln alimtetea Matson, akidai watumwa hao ni wa msimu tu, wanapita. Mahakama ikaikataa hoja, Jane na wanawe wakaachiwa huru. Wako wanaomtetea kwa kanuni kwamba wakili hachagui wateja. Mimi naona alikuwa na nafasi ya kukataa na hakukataa. Weka jina la kaunti hiyo akilini, na la wakili mmoja aliyekuwa upande wa akina Bryant: Orlando Ficklin. Nitarudi kwake.

Uchaguzi wa 1846 ulikuwa mwepesi. Mpinzani wake, Peter Cartwright, alikuwa mhubiri maarufu wa Kimethodisti, na watu wake walieneza kwamba Lincoln hana dini. Lincoln akachapisha karatasi fupi: ni kweli si muumini wa kanisa lolote, lakini hajawahi kukana ukweli wa Maandiko wala kudhihaki dini. Alishinda kwa kura 6,340 dhidi ya 4,829. Ratiba ya enzi hizo ilikuwa ya ajabu: alichaguliwa Agosti 1846, ila Bunge lilikutana Desemba 1847.

Alifika Washington na mkewe Mary na watoto wawili wa kiume, wakapanga chumba kwa mama mmoja mjane, Ann Sprigg, mkabala na jengo la Bunge, mahali ambapo leo pamesimama Maktaba ya Bunge. Miezi michache baadaye Mary na watoto waliondoka. Posho ilikuwa dola 8 kwa siku ya kikao, pamoja na senti 40 kwa kila maili ya safari. Hiyo ya maili ilizua kashfa: mhariri Horace Greeley, aliyekaa bungeni miezi michache tu, alichapisha gazetini orodha ya wabunge waliolipwa kwa njia ndefu kuliko njia ya posta, na jina la Lincoln lilikuwemo. Halikuwa kosa la kisheria, wengi walifanya hivyo, lakini hakuna mbunge anayependa kusomwa kwenye orodha ya namna hiyo. Kamati alizopangiwa zilikuwa mbili, ya posta na ya matumizi ya idara ya vita, na humo alichapa kazi ya kawaida ya mbunge mpya ambayo hakuna anayeikumbuka.

Kinachokumbukwa ni hoja aliyoiwasilisha tarehe 22 Desemba 1847, na hapa ndipo nalijibu swali lako la pili. Rais James K. Polk alikuwa ameomba vita na Mexico mwaka 1846 akieleza kwamba Mexico imemwaga damu ya Wamarekani kwenye ardhi ya Marekani. Lincoln hakupanda jukwaani kulia kuhusu ubaya wa vita. Aliandika maazimio manane yenye umbo la maswali, akimtaka rais aonyeshe ni mahali gani hasa damu hiyo ilimwagika. Je, mahali hapo hapakuwa ndani ya milki ya Hispania tangu mkataba wa 1819 hadi mapinduzi ya Mexico? Je, wenyeji wake waliwahi kujiweka chini ya serikali ya Texas au ya Marekani, kwa kupiga kura, kulipa kodi, kukaa kwenye juri? Je, hawakukimbia nyumba na mazao yao walipoliona jeshi la Marekani linakuja? Na hao raia waliouawa, si walikuwa askari wenye silaha waliotumwa huko na rais mwenyewe?

Wewe wakili umeshaona kinachofanyika. Hayo ni maswali ya dodoso, yaliyopangwa ili kila jibu lifunge mlango mmoja. Eneo kati ya mto Nueces na Rio Grande lilikuwa linagombaniwa, na rais alikuwa amelitaja kana kwamba hati miliki iko mfukoni. Lincoln aliishughulikia hotuba ya rais kama alivyoishughulikia kesi ya mpaka wa shamba kaunti ya Sangamon: jiwe la mpaka liko wapi, nani alikuwa anaishi hapo, nani alikusanya kodi. Tarehe 12 Januari 1848 akaisimamia hoja hiyo kwa hotuba, akamtaka Polk ajibu kwa ukweli wa mambo, asijibu kwa mabishano, akimkumbusha kwamba amekaa kwenye kiti alichokalia George Washington. Siku tisa kabla alikuwa amepiga kura kuunga mkono azimio la mbunge mwenzake George Ashmun lililosema vita vilianzishwa na rais bila ulazima na kinyume cha katiba.

Ila bunge si mahakama. Shahidi aliyeko kizimbani hana budi kujibu. Polk hakujibu hata neno moja, na Baraza la Wawakilishi halikuyapigia kura maazimio hayo. Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mji wa Mexico ulikuwa umetekwa tangu Septemba 1847, mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 2 Februari 1848, na Illinois ilikuwa imepeleka vijana wengi vitani. Hardin mwenyewe, yule wa zamu, aliuawa vitani Buena Vista Februari 1847. Magazeti ya Wademokrati yakamtungia Lincoln jina la utani kutokana na kule kung'ang'ania mahali, nalo likamganda miaka kumi. Hata Herndon alimwandikia kumlaumu. Jibu la Lincoln, la tarehe 15 Februari, kwangu ni maandishi bora kuliko yote ya muhula huo: ukimruhusu rais kuvamia nchi jirani kila anapoona ni lazima, tena yeye peke yake ndiye wa kusema ni lazima, basi umempa uwezo wa kuanzisha vita apendavyo, na hilo ndilo waandishi wa katiba walilolikataa kwa wafalme.

Kwamba Logan alishindwa Agosti 1848 kwa sababu ya misimamo hiyo, inawezekana kwa sehemu. Mpinzani wake, Thomas L. Harris, alikuwa ametoka kupigana Mexico, na Logan hakuwa mtu wa majukwaa. Miezi mitatu baadaye Zachary Taylor, mgombea urais wa Whig ambaye Lincoln alimpigia debe kwa nguvu, alishinda katika eneo hilo hilo. Taylor alikuwa jenerali wa vita vile vile walivyovipinga. Siasa ndivyo ilivyo.

Kuhusu utumwa hakupata kitu. Alipiga kura mara nyingi kuunga mkono pendekezo la Wilmot la kuzuia utumwa kwenye ardhi iliyochukuliwa Mexico, na Januari 1849 alisoma bungeni rasimu ya kuukomesha mjini Washington polepole, kwa fidia na kwa kura ya wakazi. Waliomuahidi kumuunga mkono wakarudi nyuma, na muswada haukuwasilishwa rasmi.

Muhula ulikwisha Machi 1849. Kushindwa kwa kweli, kwa maoni yangu, ni kwa mwaka huo, ingawa orodha haiupi uzito. Aliomba ukamishna wa ofisi kuu ya ardhi kama shukrani kwa kumpigania Taylor, nafasi ikaenda kwa Justin Butterfield wa Chicago ambaye hata hakumpigania. Badala yake alipewa ugavana wa Oregon, nchi ya mbali isiyo na reli. Mary hakuitaka, naye akakataa. Kesi yake pekee aliyoisimamia mwenyewe mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, mwezi huo wa Machi, alishindwa. Tarehe 1 Februari 1850 mtoto wao Eddie, ambaye hata miaka minne alikuwa hajatimiza, alifariki. Katikati ya hayo yote, Mei 1849, akapata hataza namba 6,469 ya kifaa cha kunyanyua meli iliyokwama kwenye maji mafupi, na hadi leo ni rais pekee wa Marekani mwenye hataza.

Akarudi kwenye mzunguko, na miaka mitano iliyofuata alifanya kazi ya uwakili kwa bidii kuliko wakati mwingine wowote. Aliandika baadaye kwamba alikuwa anapoteza hamu ya siasa, mpaka sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854 ilipofungua tena ardhi kwa utumwa.

Mbinu za chumba cha mahakama hazikumtoka. Mei 1858, mjini Beardstown, alimtetea bure William "Duff" Armstrong kwa kesi ya mauaji. Wazazi wa kijana huyo walimpokea nyumbani kwao enzi za New Salem. Shahidi, Charles Allen, alisema aliona pigo likishuka usiku, karibu saa tano, akiwa mbali kiasi cha futi 150, kwa sababu mwezi ulikuwa juu unaangaza. Lincoln hakumbishia. Alimfanya ayarudie hayo tena na tena, umbali, saa, mwezi ulipokuwa. Kisha akatoa almanaka ya 1857: saa hiyo mwezi ulikuwa chini, karibu kuzama. Armstrong akaachiwa. Ukiyalinganisha na maazimio ya 1847 utaona ni kazi ya mkono mmoja, ila safari hii palikuwa na juri la kuamua.

Miezi minne baadaye, Septemba 18, alikuwa Charleston, makao ya kaunti ile ya Coles, kwenye mdahalo wa nne na Stephen Douglas wa kugombea useneta. Tuhuma ya Mexico ilikuwa imefufuliwa, sasa imekuzwa: eti Lincoln aliwanyima askari chakula na risasi. Ficklin alikuwa amekaa jukwaani na Wademokrati wenzake; alikuwa mbunge pamoja na Lincoln kipindi kile. Lincoln akamshika akamvuta mbele ya umati, akasema huyu alikuwepo, na aseme kama tuhuma ni kweli. Ficklin, aliyemshinda mjini humo kwenye kesi ya Matson, hakutaka kumsaidia: akasema analokumbuka ni kwamba Lincoln aliunga mkono azimio la Ashmun. Lincoln akakiri hapo hapo kwamba hilo ni kweli, akawageukia watu: tuhuma ilikuwa kuwanyima askari mahitaji, na shahidi wa upande wa pili ameshindwa kuithibitisha. Douglas ndiye aliyepata kiti hicho cha useneta, kwa kuwa maseneta walichaguliwa na bunge la jimbo, ambako Wademokrati walikuwa wengi.

Kwa hiyo ukikutana tena na mtoa mada, mwambie afute 1848. Uteuzi wa umakamu wa rais wa 1856 aueleze vizuri: jina lake lilipendekezwa akiwa hayupo, likapata kura 110. Abakize 1832, ukamishna wa ardhi wa 1849, na useneta wa 1855 na 1858. Na hiyo 1855 aisimulie yote, maana Lincoln aliongoza duru ya kwanza, kisha alipoona anakwama akawaambia wafuasi wake wampe kura Lyman Trumbull ili kiti kisiangukie kwa watetezi wa sheria ya Nebraska.